Msimu wa Karafuu Pemba: Kilo ya Mkulima na Pishi ya Mchumaji

Na Mwandishi Wetu

Ndugu wasomaji, ukurasa huu wa nchi jirani umezoea kuwaleteeni habari za reli, bandari na viwanda. Safari hii nawaleteeni habari za soko. Nalo si soko la kila siku kama Kongowea au Marikiti, ambalo ukilala ukiamka utalikuta pale pale. Ni soko linalofunguliwa karafuu zikiiva na kufungwa zikisha. Katika miezi hiyo michache watu wa kisiwa kizima hutafuta fedha watakazoishi nazo mwaka mzima, na pengine zaidi ya mwaka.

Kisiwa chenyewe ni Pemba, kilomita 50 hivi kutoka bara, na kwa sisi wa Mombasa na Kwale ni jirani wa mlango kwa mlango. Wavuvi wa Kipemba wamelowea pwani yetu tangu enzi za mababu, hata Serikali ya Kenya ikawatambua rasmi kuwa raia mwaka 2023. Hata hivyo wengi wetu tunaijua karafuu ndani ya pilau tu. Nani aliyeichuma, alilipwa nini na nani aliyempimia, hayo hatuyaulizi.

Mimi niliyauliza mwaka 2017, mwezi wa Septemba. Msimu mwingine unapokaribia hulifungua tena daftari la safari ile, na mara hii nimeona niwashirikishe. Niliuchagua mwaka ule kwa sababu mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Huzaa sana, kisha hupumzika, na mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa kuzaa sana.

Nilipita Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, nikavuka kwa meli. Kila niliposema natoka Mombasa niliulizwa kwanza habari za Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wetu wa urais, jambo lililokuwa limetokea tarehe 1 ya mwezi ule ule. Nilijibu nilivyoweza, kisha nami nikauliza habari za karafuu, na hapo mazungumzo yakageuka. Mpemba ukimtajia karafuu katikati ya msimu husahau habari za marais.

Harufu hukupokea kabla hujashuka garini. Kila uwanja wa nyumba una majamvi, na juu ya majamvi karafuu zimetandazwa, za leo zina wekundu na ukijani, za juzi zimekuwa kahawia. Wengine huzitandaza kando ya lami, ingawa wananchi wameonywa mara nyingi kwamba vumbi la barabarani na moshi wa magari huharibu zao. Wingu likitanda, utaona watu wazima wanakimbia kama watoto. Karafuu iliyonyeshewa kabla ya kukauka, au iliyorundikwa mbichi ikapata joto, huvunda na kukunjamana. Hiyo wenyewe huiita mpeta, na mpeta haina bei.

Kituo nilichokwenda kilikuwa katika wilaya ya Wete, penye vilima na mikarafuu mingi. Kwa sheria, mnunuzi wa karafuu Zanzibar ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968. Shirika hufungua vituo kisiwani kote wakati wa msimu, na mkulima hupeleka mzigo wake kituo kilicho karibu naye. Kwa hiyo usitazamie kelele za mnada. Bei imeandikwa ubaoni, kila mtu anaiona. Mwaka ule ilikuwa shilingi 14,000 za Tanzania kwa kilo ya daraja la kwanza, 12,000 daraja la pili na 10,000 daraja la tatu. Kwa fedha zetu daraja la kwanza lilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 600. Siasa ya Serikali ya Zanzibar tangu zama za Rais Ali Mohamed Shein ilikuwa kumpa mkulima asilimia 80 ya bei inayopatikana katika soko la dunia. Mwaka 2011 bei ilipandishwa hadi 15,000, na wazee wanausema mwaka ule kama watu wanavyosema habari za harusi kubwa.

Lakini soko si mizani peke yake. Nje ya uzio wa kituo palikuwa na mji mdogo usiokuwapo mwezi wa Mei. Kanga na vitenge vilitundikwa kwenye kamba baina ya minazi. Palikuwa na magodoro, ndoo, redio, baiskeli, na mtu mmoja aliyekuja na mabati tu, maana mwenye nyumba ya makuti huota bati mwaka mzima na msimu ndio wakati wa kuota mchana. Akina mama waliuza mkate wa mofa na pweza, mwenye kahawa alipita na buli lake akigonganisha vikombe, na halua ya Wete ilikatwa vipande vya kila mfuko. Bi mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua aliniambia, “Mwanangu, mimi sina hata shina moja la mkarafuu. Lakini karafuu zikifa, na mimi nimekufa.”

Foleni ilianza alfajiri. Magunia yalikuja kwa gari la ng’ombe, kwa pikipiki, kwa vichwa vya watu. Nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye magunia mawili, aliyekubali nimsindikize hadi mwisho. Alipofikiwa, mkaguzi alitia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, kwani juu kila mtu huweka zilizo nzuri. Akatoa ukufi mmoja, akazitazama kama zina vichwa, akatafuta makonyo, yaani vikonyo ambavyo karafuu hushikia, kisha akaivunja moja baina ya vidole. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Ya mzee ilivunjika, lakini baadhi ya karafuu zilikuwa na weupe. Mvua ya siku moja. Daraja la pili.

Mzee hakubisha. Mizani ilisoma, karani akaandika, akahesabiwa fedha taslimu mbele ya macho yake. Kwa kweli nilivutiwa. Nimeona wakulima wa kwetu wa miwa wakingoja malipo hadi wajukuu wanazaliwa. Hapa mtu aliingia na gunia akatoka na noti.

Tulipokaa chini ya mwembe alianza kuzigawa zile noti. Fungu la kwanza la aliyemkodisha mikarafuu, kwa kuwa yake mwenyewe ni michache na mingine huikodi kwa msimu. La pili la deni la dukani, mchele na sukari walizokula wachumaji. La tatu, nalo ndilo lililokuwa nene kuliko yote, la wachumaji. Kilichobaki alikitia katika mfuko wa kanzu, akaupigapiga. “Hiki ndicho changu,” akasema, “nacho kina watu tisa.”

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeutazama upande mmoja tu wa soko. Bei ya kilo nimeiona ubaoni. Je, bei ya mchumaji imeandikwa wapi? Mzee alicheka. “Hiyo hupatanwa chini ya mti, bwana. Njoo kesho shambani.”

Kabla ya kwenda shambani inafaa tueleze kidogo kwa nini mnunuzi ni mmoja, maana vijana wa leo huona jambo hilo geni. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akaieneza kwa mashamba makubwa na kwa jasho la watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiling’oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba lenyewe. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897 mashamba yakahitaji watu wa kulipwa, na hapo ndipo alipozaliwa mchumaji wa msimu: Mpemba wa upande wa mashariki wenye mawe, na Mmakunduchi aliyevuka kutoka Unguja. Waingereza nao walikipa chama cha wakulima wa karafuu haki ya kununua peke yake, wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa biashara mwaka 1937, na ugomvi ukatikisa visiwa hata mwaka uliofuata. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Shirika likashika ununuzi.

Kwa miaka mingi mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya nje, na hapo karafuu zikajifunza kuogelea. Zilivuka usiku kuja Vanga, Shimoni na Mombasa. Miaka ya nyuma sheria ilifikia hata kutaja adhabu ya kifo kwa magendo ya karafuu, na hadi leo Zanzibar ina kikosi kizima, KMKM, ambacho jina lake ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Pigo jingine lilitoka mbali. Indonesia, ambao hutia karafuu katika sigara zao, walikuwa wanunuzi wakubwa. Katika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza kwa karafuu zao, na bei ya dunia ikaporomoka. Wazee wanasimulia mikarafuu iliyoachwa bila kuchumwa, mingine ikakatwa kuni. Ndiyo maana bei ya 2011 ilipofika, watu walirudi mashambani wakakuta miti mirefu, ya kizee, na vijana waliokuwa hawajapata kuipanda.

Tufike sasa shambani. Nilikuta wachumaji wanane, watano juu na watatu chini. Mkarafuu uliokomaa huweza kupita urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, nao ni mti mwembamba wenye matawi mengi. Ukiutazama unaonekana mwepesi kupandwa. Wenyewe wanasema huko ndiko kudanganya kwake, maana tawi lake huvunjika ghafla bila kulia kwanza. Mchumaji hupanda na pakacha na kigoe cha kuvutia matawi ya mbali, na wengine hujifunga kamba. Karafuu ichumwe kabla haijachanua, kichwa kikiwa kinaanza kugeuka rangi. Ikichanua imeharibika. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kusema nitapanda kesho upepo ukitulia. Kesho ni ua.

Miongoni mwa wale watatu waliokuwa chini alikuwamo kijana wa miaka thelathini hivi, mguu wake wa kulia umekakamaa. Alianguka msimu wa nyuma. Tawi lilikatika, akashuka na pakacha lake, na fahamu zikamrudia hospitali. Kumekuwa na utaratibu wa fidia kwa wanaoanguka mikarafuu, unaopitia shirika, na naye alipata kitu. Alishukuru, tena kwa moyo. Kisha akasema neno nililoliandika papo hapo: “Nililipwa kwa kuanguka, kaka. Kwa kupanda ndiko nisikolipwa vizuri.”

Jioni nilifahamu alichomaanisha. Matawi yaliyochumwa hubebwa hadi uwanjani, na hapo kazi ya pili huanza, ya kuchambua. Wanaume, wanawake na watoto huketi kuzunguka rundo chini ya taa, wakitenga karafuu na makonyo kwa kuzisugua kiganjani. Makonyo hayatupwi, kwani hupelekwa kiwanda cha mafuta pale Wawi karibu na Chake Chake. Vidole huwa vyeusi, na mafuta ya karafuu mbichi huwasha machoni. Hadithi nzuri nyingi nimezisikia kwenye rundo lile, tena mbili tatu haziandikiki katika gazeti la chama.

Zikishachambuliwa hupimwa kwa pishi, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Bei ya pishi mzee alikuwa amepatana nao asubuhi, kwa maneno tu, akitazama mashamba ya jirani wanalipaje. Mvua ikitisha, hupanda. Wachumaji wakizidi, hushuka. Hayo nayajua, hata makuli wa zamani walipatana hivyo. Lililonishangaza ni kipimo chenyewe. Pishi ikijazwa na kupanguswa juu huitwa ya mfuto. Ikijazwa ikaachwa na kichuguu juu, hiyo ni ya kilele. Mzee alipima kwa kilele. Kijana mwenye mguu alisema, taratibu, asubuhi hatukutaja kilele. Mzee akasema, hatukutaja mfuto vilevile. Pakawa kimya. Mikono ikaendelea kuchambua.

Sikupenda kumwona mzee yule kuwa mnyonyaji, na hadi leo simwoni hivyo. Nilikuwa nimezihesabu noti zake pamoja naye. Daraja la pili lilikuwa limemwondolea shilingi 2,000 katika kila kilo, kwa sababu ya wingu. Hana wa kumdai fidia ya wingu, basi akaitafuta kwenye kile kichuguu cha juu ya pishi. Lakini karafuu mbichi kilo tatu hutoa kavu kilo moja hivi, na kichuguu kile, kikirudiwa mara mia mbili, ni gunia ambalo kuna mtu amelipandia mti bila kulipwa. Kituoni, mizani ya mkulima husoma hadi gramu na karani huandika. Huku chini ya taa ya chemli, kipimo ni mkono wa mtu mmoja.

Niliwasimulia habari za wachuma chai wa Kericho. Nao hulipwa kwa wingi wanaouchuma, lakini katika mashamba makubwa bei ya kilo ya majani imeandikwa katika mapatano baina ya chama cha wafanyakazi na chama cha waajiri, na hurudiwa kila mapatano yanapokwisha. Nikawaambia na ubaya wake pia: kesi zisizokwisha mahakamani, na mashine za kuchumia zilizowaondoa wengi kazini. Mmoja akauliza kama mashine hiyo inaweza kupanda mkarafuu. Tukacheka sote, hata mzee.

Kisha kijana akaniuliza maswali ambayo mjumbe yeyote wa tawi angejivuna kuulizwa. Hicho chama kinamwandikisha mtu wa miezi mitatu? Mwajiri ni nani, mimi nikichuma kwa huyu leo na kwa yule kesho? Mzee huyu aliyekodi, naye ni mwajiri, au naye ni mfanyakazi wa mwenye miti? Nilijibu la kwanza. La pili nililijibu nusu. Zanzibar ina sheria zake za kazi za mwaka 2005, mbali na zile za Bara, na ina shirikisho lake la vyama, ZATUC. Lakini sheria nyingi za kazi, zao na zetu, zimemfikiria mtu mwenye mwajiri mmoja na lango moja la kuingilia. La tatu lilijibiwa na mzee mwenyewe: “Mimi? Mimi ni mfanyakazi wa mvua.”

Kabla hatujalala walikubaliana jambo dogo. Asubuhi yake, bei ya pishi itatajwa pamoja na namna ya kupima, mbele ya wote, na mke wa mzee, ambaye ana mwandiko mzuri, ataandika katika daftari la shule pishi za kila mtu. Nilikuwapo asubuhi hiyo. Walipatana mfuto, na bei ikashuka kidogo kulipia mfuto. Ni nani aliyepata zaidi sikujua, ila ubishi wa jioni haukuwapo, na kijana alilisoma jina lake daftarini mara mbili.

Siku ya kuondoka Bi wa vitumbua alinifungia karafuu ukufi mmoja ndani ya karatasi, za chai. Nilizirudisha kwa aibu kubwa. Karafuu haziondoki kisiwani mikononi mwa mtu bila kibali, na mimi sikutaka kulala rumande kwa ajili ya kikombe cha chai. Alinitazama kwa huruma. “Basi nenda na harufu,” akasema. Shati langu lilinukia hadi Mombasa.

Niliporudi nilitafuta nakala ya mapatano ya wachuma chai, nikanakili ukurasa wa ujira kwa mkono, nikautuma kwa nahodha mmoja anayepita Tanga. Nilimwomba aufikishe kwa kijana yule. Msimu uliofuata nahodha alirudi nao, bahasha haijafunguliwa. Mikarafuu ilikuwa imepumzika. Mzee alikuwa akilima muhogo. Wachumaji wanane walikuwa wametawanyika, wengine Tanga, wengine dago kuvua, na kijana mwenye mguu alisemekana yuko upande wetu huku, ama Shimoni ama Kipini, akishona nyavu. Bahasha ninayo bado. Ndugu msomaji wa pwani, ukikutana na mshona nyavu wa Kipemba aliyeanguka mkarafuu, mwambie afike afisini.